Wavuti ivunjwe tujenge nyengine? Naomba mawazo kabla sijaanza kuwafundisha vijana

kijana_wa_Wete anauliza:

Assalaam alaykum jamani. Nna suali na nnalichukulia kwa uzito, kwa hiyo anayejua anijibu na asiyejua pia aseme anavyoona.

Wiki iliopita shangazi yangu alitaka kujua boti ya kutoka Mkoani kwenda Unguja inaondoka saa ngapi. Akanipa simu yake, simu ndogo ya kawaida, ina bando la siku. Nikaingia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, siitaji jina. Kwanza ikaja video ya boti inakata mawimbi, inajicheza yenyewe bila ya kuombwa, halafu dirisha linauliza kama nakubali kuki, halafu jengine linataka ruhusa ya kutuletea taarifa, halafu pembeni kikatokea kisanduku cha kuchati, na ratiba yenyewe iko chini kabisa tena ni picha, si maandishi, ukiikuza inafifia. Bando likakata hatujaona hata saa. Shangazi akasema basi mwanangu wacha, ntakwenda kuuliza mwenyewe. Na kweli akapanda gari Wete mpaka Mkoani bandarini na kurudi, nauli zote hizo na siku nzima, kwa ajili ya mistari sita ya maandishi.

Usiku ule nikaupima ule ukurasa kwa kompyuta ya skuli. MB 6 na ushee. Ratiba ile ile nikaiandika kwa maandishi matupu, haikufika hata KB 1. Sikulala vizuri wallahi.

Tangu hapo nnasoma tu. Nimekuta kuna watu huko duniani wanasema wavuti imeshaharibika haitengenezeki, dawa yake ni kuanza na jukwaa jipya kabisa. Wengine wanarudia Gopher ya zamani, wengine wana kitu kinaitwa Gemini (sikusudii ile akili mnemba ya Google, hii ni protokali, yaani kanuni za kompyuta kuzungumza, ilioanza 2019), wengine IPFS ya kugawana mafaili kompyuta kwa kompyuta, wengine mambo ya blokcheni ambayo kusema kweli sikuyafahamu. Malalamiko yao nnayaona ni ya kweli, kurasa zimekuwa nzito, kila unapokwenda unafuatwa na matangazo, na brausa karibu zote saa hizi zinatoka jiko moja.

Sasa mwezi ujao nnaanza darasa la jioni, vijana kumi na nne wa skuli yetu, wanataka kujifunza kutengeneza tovuti. Niwafundishe HTML ya wavuti hii, au ndo nnawafundisha kutengeneza mabovu mengine? Au niwaanzishe na hicho kipya wakue nacho? Nisaidieni.

fundi_Michenzani anajibu:

Waalaykum salaam. Pole na shangazi, hiyo nauli imeniuma kuliko hizo MB.

Kwanza tulitenge neno mana wengi wanachanganya. Intaneti ni njia, wavuti ni gari moja tu inayopita njia hiyo. Baruapepe ilikuwepo kabla ya wavuti, na WhatsApp yako inatuma ujumbe bila ya kufungua ukurasa wowote. Kwa hiyo unaposema ivunjwe unasema gari, husemi barabara. Na gari hii mwanzo wake ilikuwa vitu vitatu tu: anwani ya ukurasa, lugha ya kuuandika ambayo ni HTML, na namna ya kuuomba ukaletewa ambayo ni HTTP. Tim Berners-Lee aliandika wazo lake Machi 1989 akiwa CERN kule Uswisi, na mwaka 1991 watu wa nje wakaanza kuitumia. Hamna video inayojicheza ndani ya vitu vitatu hivyo. Kuki, vile vijifaili vya kukukumbuka wewe ni nani, zimekuja 1994 na brausa ya Netscape, JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa utende mambo, 1995, na mazito mengine yote watu wameyapakia wenyewe safarini. Ukurasa wa mwanzo kabisa wa CERN, nakala yake waliirudisha 2013 kwenye anwani yake ile ile, na simu ya shangazi yako inaufungua kabla hujapepesa.

Sasa sikiliza hichi, mana ndicho nnachotaka uwape vijana wako siku ya kwanza. Wakati wavuti inazaliwa, iliokuwa inatamba ni Gopher ya Chuo Kikuu cha Minnesota, nayo ya 1991. Ilikuwa nyepesi, menyu na maandishi, vile vile unavyotamani wewe. Mwanzoni mwa 1993 chuo kikatangaza kuwa kuna watakaotakiwa kulipa kwa kutumia seva ya Gopher, yaani ile programu ya kugawia kurasa. Tarehe 30 Aprili mwaka ule ule CERN wakatangaza kuwa wavuti ni ya kila mtu, hakuna malipo wala kuomba ruhusa. Watu wakahamia huko. Haikushinda kwa uzuri, kuna watu kama Ted Nelson, aliobuni neno hypertext, yaani maandishi yenye linki, wamekuwa wakiilaumu tangu siku nyingi kuwa linki zake ni za upande mmoja na zinakatika, na wana haki. Ilishinda kwa sababu haina mwenye nyumba wa kukutoa.

Waangalie Wafaransa na Minitel yao. Ilianza kuenea nchi nzima 1982, watu wanapewa mashine majumbani, wanakata tiketi za treni, wanatafuta namba za simu, malipo yanaingia kwenye bili ya simu. Miaka mingi kabla ya wavuti! Kitu kizuri na kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Lakini mwenyewe mmoja, na tarehe 30 Juni 2012 mwenyewe kazima swichi, ikawa ndo mwisho wake. Ukurasa wa HTML ulioandikwa miaka ya 90 leo unaufungua.

Kwa hiyo mie kila nikiletewa jukwaa jipya siulizi jepesi kiasi gani. Nauliza la nani, na akichoka itakuwaje.

Na kuhusu kubadilisha, ndugu yangu, wavuti inabadilishwa kila siku ila kwa chini. Nyie mnaokumbuka umeme wa Unguja, Disemba 2009 waya wa baharini uliharibika tukakaa gizani karibu miezi mitatu mpaka Machi 2010, na kabla yake 2008 mwezi mzima. Kila mwenye uwezo akanunua jenereta, Mji Mkongwe ukawa hausemeki kwa kelele na moshi. Halafu 2013 ukaja waya mpya kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, megawati 100. Nani alibadilisha soketi nyumbani kwake? Hakuna. Chuma kule chini ya bahari kimebadilika, soketi ni ile ile, pasi ni ile ile. Basi HTTP/3 ilivyotoka rasmi 2022 ndo hivyo hivyo, imeacha kabisa njia ya TCP, ile ya kusafirishia data iliokuwa ikitumika tangu mwanzo, imehamia njia mpya inayoitwa QUIC, na watu wakaendelea kusoma kurasa zao hawajui kama kuna kilichobadilika. Jenereta kila mtu na yake ni nzuri ukiwa gizani, mie nilikuwa nayo, lakini mji hauendi kwa jenereta.

bint_Fuoni anajibu:

Fundi nakuheshimu lakini hapa nakupinga, na nnasema kama mtu anayeitumia Gemini mwaka wa pili sasa, si mtu aliosoma tu.

Unasema uzito watu wameupakia wenyewe. Sawa. Mbona basi wanaupakia kila siku na hakuna anayeupakua? Mtengenezaji akipeleka ukurasa mwepesi mweupe, tajiri anasema mbona haung'ari, ongeza video, ongeza kile cha kuhesabu wageni, ongeza matangazo. Nimefanya kazi hiyo miaka minne nnajua nnachosema. Mlango ukiwa wazi kila kitu kitaingia. Gemini wamefanya jambo moja ambalo mie nnaliona la maana sana, wameuziba mlango ndani ya protokali yenyewe. Unaomba kitu kimoja unaletewa kitu kimoja. Hamna kuki. Hamna skripti. Picha haiji mpaka uibonyeze. Linki kila moja inakaa mstari wake peke yake. Ukurasa ukitaka kukuuliza kitu unaweza kukuuliza mstari mmoja tu wa maandishi, basi. Na usimbaji ni lazima, hamna Gemini bila ya TLS, ile inayoficha mazungumzo yako njiani. Kwa hiyo hata tajiri akitaka video ya boti ijicheze yenyewe haiwezekani, na mtengenezaji hahitaji kugombana naye.

Na raha yake sijui niielezeje. Nafungua Lagrange, brausa yangu ya Gemini, jioni nimeshamaliza kazi za nyumbani, nasoma mtu kaandika kuhusu bustani yake, mwengine kuhusu baiskeli, hakuna anayeniuzia, hakuna kinachonirukia usoni. Nasoma mpaka mwisho. Kwenye wavuti nilikuwa nimeshasahau kusoma kitu mpaka mwisho.

Hata huyo Berners-Lee unayemtaja mwenyewe kaona mambo yameharibika, ndo mana akaanzisha Solid ili data ya mtu ikae kwa mtu na si kwa makampuni. Kama mjenzi mwenyewe anasema nyumba ina ufa sie tunabisha nini?

Lakini ntasema kweli yote. Kwa Kiswahili sijakuta ukurasa huko isipokuwa nilioandika mwenyewe. Huwezi kulipa kitu. Na shangazi wa kijana hapo juu hawezi kuingia bila ya kwanza kuwekewa brausa yake maalumu. Kwa hiyo sisemi kesho iwe ndo badala ya wavuti, nasema usiwanyime vijana kuiona. Wakishaona ukurasa unaweza kuwa vile hawatakubali tena kudanganywa kuwa MB 6 ni lazima.

dau_la_Kojani anajibu:

Mie mvuvi si mtu wa kompyuta. Lakini mnabishana kitu kimeshapita. Mie sijafungua tovuti sijui mwezi wa ngapi huu. Bei ya samaki napata WhatsApp, hali ya bahari WhatsApp, ratiba ya boti WhatsApp, msiba WhatsApp. Kwetu sie wavuti imeshabadilishwa yakhe, hatukuulizwa tu.

mama_wa_Jambiani anajibu:

Mwanangu wa Kojani umesema kweli na ndicho kinachonitisha.

Mie nna nyumba ya wageni, vyumba vitano, nimeianza na marehemu mume wangu. Mambo ya protokali siyajui, nitasema niliyopitia. Wageni wangu zamani walikuwa wakija kwa njia tatu. Wa kwanza wanaletwa na kampuni kubwa ya kuwekea vyumba, nao wanakata asilimia yao kila mgeni, na bei yangu wanaiamua nusu wao nusu mie. Wa pili nilikuwa na ukurasa kwenye mtandao mmoja wa kijamii, nimeujenga miaka sita, picha, maoni ya wageni, watu wananijua. Siku moja naamka umefungwa. Nimeandika, nimeomba, nimetuma kitambulisho, hakuna mtu wa kuzungumza naye, najibiwa na mashine. Miaka sita imekwenda hivyo hivyo, na maneno ya wageni walioandika kuhusu mume wangu alipokuwa hai yamekwenda nayo. Hilo sijalisamehe.

Wa tatu ni tovuti yangu. Kijana mmoja wa hapa Jambiani kanitengenezea, jina la anwani nalilipia mwenyewe kila mwaka, mafaili yote kaniwekea kwenye flashi niko nayo kabatini. Siku ile ule ukurasa ulipofungwa, tovuti ilikuwepo. Mwenye seva akinikera nahama na anwani yangu naondoka nayo, nimeshahama mara moja na mgeni hakujua. Ndo mlango wangu peke yangu dunia nzima ambao funguo ninazo mie.

Kwa hiyo mwanangu wa Wete ukisema ivunjwe mie nashtuka. Ikivunjwa tutakaokuwa nje si makampuni, wao watajenga nyengine asubuhi. Ni sie wa vyumba vitano.

Na hiyo ratiba ya WhatsApp, mgeni wangu mmoja alikosa boti mwezi wa Ramadhani kwa sababu ya picha ya ratiba iliokuwa ikizunguka kwenye makundi, kumbe ya mwaka wa nyuma yake, haina tarehe wala hujui kaitoa nani. Kitu hakina anwani hakisahihishiki. Ukurasa ukikosewa unaenda unausahihisha, kila atakaekuja anakuta sahihi. Picha iliokwisha kwenda kwenye makundi mia utaifuata wapi?

Maalim_Micheweni anajibu:

Nimesoma yote, nami niseme kidogo kutoka kaskazini.

Nnachokiona mie ni kuwa mnazungumzia ukurasa ulivyo, hamzungumzii ulipo. Tarehe 12 Mei 2024 waya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika pamoja karibu na Afrika Kusini na Tanzania nzima tukabaki tunahema. Siku ile hata ukurasa wa KB 1 ungeweza usifunguke ikiwa umewekwa Ulaya. Wanafunzi wangu walikuwa na kazi ya jiografia, wakabaki kuangalia kile kiduara kinazunguka. Na Gemini ya bint_Fuoni ikiwa seva yake iko Ujerumani ni hivyo hivyo.

Sie Pemba haya tunayajua zamani. Kabla ya waya wa umeme kutoka Tanga kufika 2010 tulikuwa tukitegemea majenereta ya Wesha, na ulikuwa hulali bila ya kuwa na kandili karibu. Mtu aliyekulia hivyo anajua thamani ya kitu kilichopo ndani ya nyumba.

Kwa hiyo skuli kwangu nimeweka Kiwix. Ni programu unashusha Wikipedia nzima ya Kiswahili ukaiweka kwenye kompyuta moja, wanafunzi wanajiunga kwa waifai ya darasani bila ya intaneti yoyote, wanasoma. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, si kubwa kama ya Kiingereza na kwa hili la kwetu ndo uzuri wake, inaingia kwenye kadi ya memori na nafasi inabaki. Na zingatieni kilichomo mule ndani, ni wavuti ile ile, HTML ile ile, brausa ile ile. Imewezekana kuikunja na kuitia mfukoni kwa sababu ni maandishi yaliyo wazi. Kwenye hayo majukwaa ya makampuni huwezi kukunja chochote ukaondoka nacho.

Jengine, jihadharini na neno jukwaa jipya likija na zawadi. Mwaka 2014 Facebook na Tigo walileta hapa Tanzania ile Internet.org, baadhi ya huduma unaingia bure bila ya bando. India walipoletewa kitu cha namna hiyo walikikalia wakakijadili na Februari 2016 mamlaka yao ikakataza bei za kubagua huduma, hii bure hii ya kulipia. Hoja yao naiona nzito mpaka leo, ukimpa maskini sehemu ndogo ya intaneti bure atadhani hiyo ndo intaneti yote.

fundi_Michenzani anajibu:

Bint_Fuoni, nimelala na maneno yako na ntakupa haki yako kwenye mawili.

La kwanza la mlango. Kweli, mie nimekuwa nikisema watu wapunguze uzito wao wenyewe, na miaka kumi nasema na ukurasa wa kawaida saa hizi unapita MB 2. Nasaha peke yake haijafanya kazi. La pili hukulisema wewe kalisema kijana, la brausa kutoka jiko moja, nami nikaliruka na sikufanya vizuri. Chrome ilitoka 2008 ikiwa mgeni. Opera wakaacha injini yao, yaani kile kinachougeuza msimbo kuwa ukurasa unaouona, 2013 wakachukua ya Chromium ambayo ndo ya Chrome, Microsoft nao Januari 2020 Edge ikahamia huko huko. Zimebaki injini tatu za maana, ya Chromium, ya Apple na ya Firefox, na hiyo ya Firefox ndo pekee isiyokuwa ya kampuni kubwa. Nilisema wavuti haina mwenye nyumba. Bado haina, lakini kuna mtu anakaribia kumiliki milango yote, na ukimiliki milango nyumba ni yako. Hili linanitia khofu na sina jawabu lake.

Nitakachobisha ni kimoja tu, kuanza upya kwa amri. Walishajaribu ndani ya wavuti yenyewe, W3C, shirika linalopanga viwango vya wavuti, walikuwa wanaitengeneza XHTML 2 ije badala ya HTML, safi, imenyooka, ila kurasa za zamani zisingekwenda nayo. 2004 watu wa Apple, Mozilla (wenye Firefox) na Opera wakajitenga wakaanza kuitengeneza HTML ya zamani taratibu bila ya kuvunja kitu, na 2009 W3C wenyewe wakaiacha XHTML 2. Waliokuwa wanaijenga hawakuwa wajinga, ni watu wa kazi haswa. Ila huwezi kuwaambia mamilioni ya watu kuwa walichoandika jana leo hakifunguki. Mama wa Jambiani na flashi yake kabatini ndo hoja yangu nzima, kaisema kwa ufupi kuliko mie.

bint_Fuoni anajibu:

Nimekuelewa fundi. Mie sitaki flashi ya mama ife. Nnachotaka ni mtoto aanze kujua kutosheka kabla ya kujua kuongeza. Kijana kama utakubali nitakuja darasani siku moja nikiwa Pemba, au nikuandikie somo la Gemini la saa moja. Maandishi ni yale yale, unaondoa alama za HTML unaweka chache za mwanzo wa mistari tu, kinachoandikwa kwa HTML nyepesi kinaingia Gemini bila ya taabu.

kijana_wa_Wete anajibu:

Jamani Allah awalipe, sikutegemea haya yote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye kitu nisije nikarudi na maneno matupu.

Juzi nilikwenda Mkoani nikainakili ratiba kule bandarini kwa mkono, nikaiandika kwa HTML, jadweli moja, hakuna rangi hata moja. Mstari wa kwanza juu kabisa nimeweka tarehe niliyoinakili na niliinakili wapi, hili nimelichukua kwa mama wa Jambiani, lile la mgeni wake kukosa boti limeniingia. Ukurasa mzima ni KB 3. Nikamtumia shangazi linki, akaufungua kwa simu ile ile na bando likiwa limebaki kidogo, akausoma akaniuliza, "Ndo umekwisha?" Nikamwambia ndo umekwisha. Akasema mbona siku ile kulikuwa na mambo mengi vile, nikakosa cha kumjibu.

Dau_la_Kojani, linki yenyewe imeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp, nimeiona inarudi kwangu kutoka kwa mtu wa Konde nisiyemjua. Lakini safari hii kinachozunguka ni anwani, si picha. Ratiba ikibadilika nabadilisha mahali pamoja. Kama kuna kundi la wavuvi la bei za samaki na unaona litafaa kufanyiwa hivyo niambie, vijana watapata la kufanyia mazoezi.

Kwa hiyo nimeamua, nawafundisha HTML. Lakini mwezi wa kwanza mzima hakuna JavaScript na hakuna ukurasa kupita KB 20, atakaezidisha anapunguza kwanza ndo anaendelea. Wiki ya tano ni ya bint_Fuoni, wachukue kurasa zao wenyewe wazipeleke Gemini waone kinachobaki na kinachoondoka, wabishane wenyewe. Na kila mmoja atamaliza akiwa na mafaili yake kwenye flashi yake, hilo nimelifanya sharti.

Fundi, hilo la injini tatu nitawaambia pia, na nitawaambia kuwa hata wewe huna jawabu. Nimewawekea Firefox kwenye kompyuta zote sita, sijui linasaidia kiasi gani lakini ndicho kilichokuwa mkononi mwangu.

Maalim, nnataka hiyo Kiwix. Nna kadi mbili za GB 32, nnakuja Micheweni Ijumaa baada ya sala inshaallah. Niambie tu kama nije na kompyuta au yako ina sehemu ya kuchomekea kadi.

Maalim_Micheweni anajibu:

Njoo na kadi tu, sehemu ipo. Njoo kabla ya laasiri, jioni umeme huku hauaminiki.